Sandarusi ya Mrima na Kaharabu ya Karibi

Katika karne ya 19 majahazi yalileta Unguja shehena za sandarusi iliyochimbwa Mrima, nayo ikapelekwa Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Iliyo bora ilipatikana mara nyingi mahali pasipokuwa na msandarusi hata mmoja. Wachimbaji walikwisha tambua kwamba utomvu hudumu kuliko mti wake.

Tuvuke sasa hadi kisiwa cha Hispaniola katika Bahari ya Karibi. Katika Jamhuri ya Dominika huchimbwa kaharabu, yaani utomvu uliogeuka kisukuku, yenye umri wa miaka milioni 15 hadi 20. Imo katika tabaka zilizotuama kando ya bahari ya kale. Kaharabu ni nyepesi, haizidi sana uzito wa maji ya chumvi, basi maji huisukuma mbali. Ilalapo sipo lazima ilipotoka. Ni mti gani, basi, ulioitoa?

Kemia ilitoa fununu. Kaharabu ya Baltiki ina asidi ya saksiniki, hii haina. Muundo wake ni wa jamii moja na sandarusi, ambayo wanakemia wameipa asidi yake moja jina la Zanzibar. Kisha yakachunguzwa majani na maua yaliyonaswa ndani yake, na mwaka 1991 George Poinar akauita mti huo Hymenaea protera. Msandarusi nao ni Hymenaea verrucosa. Ndugu zake wengine wote walio hai wamo Amerika. Hata hivyo, mti ule wa kale wa Karibi ulifanana zaidi na huu wa kwetu!

Jean Langenheim na Y.-T. Lee, waliourudisha msandarusi katika jenasi hiyo mwaka 1974, waliona kwamba asili yake yaelekea kuwa Afrika, na kwamba mikondo ya bahari yaweza kuwa ilichukua maganda kuvuka Atlantiki. Ganda lake ni gumu na halipasuki lenyewe. Binafsi naikubali hoja hiyo, ingawa ina pengo: leo jenasi haina mti wa asili Afrika ya magharibi, itokako mikondo hiyo. Yamkini ilikuwapo ikatoweka.

Tena, kuelea si kufika. Mbegu itastahimili chumvi siku ngapi? Shule iliyo karibu na msandarusi yaweza kupima: maganda 20 katika pipa la maji ya bahari, mawili yakitolewa kila juma na mbegu zake kupandwa.