Kichwa Chako Hakina Kosa

"Mwalimu, nifanyeje nisiinue kichwa?"

Swali hili naulizwa na mawakili, na madaktari, na wafanyabiashara wa kwetu Maniema, Kongo, waliohamia Nairobi na Kampala wakaupenda mchezo wa gofu ukubwani. Huja kila mara baada ya mpira kupigwa utosini, ukatambaa majanini badala ya kuruka. Kedi husema, "Umeinua kichwa, bosi." Wachezaji wenzake watatu huitikia kwa pamoja. Mpigaji hukubali bila ubishi, huinamisha shingo zaidi, na kwenye shimo linalofuata huupiga utosini tena. Miaka inapita, handikapu haisogei, na ushauri ni uleule.

Jibu langu ni kwamba kichwa kiachwe. Katika yote yanayomzuia mchezaji wa ridhaa kupunguza mikwaju, sijui imani nyingine iliyopoteza muda wa watu wengi kiasi hiki, huku ikiwaziba macho wasione kosa lenyewe.

Tuanze na vipimo. Kipenyo cha mpira wa gofu hakiruhusiwi kuwa chini ya milimita 42.67. Kitovu chake basi kiko kama sentimita mbili tu juu ya ardhi. Ukiupiga utosini, maana yake ukingo wa fimbo umefika hapo juu kidogo kuliko ilivyotakiwa, na kidogo chenyewe ni hizo sentimita mbili. Swali la kweli ni nini kilichoipandisha fimbo.

Jaribu sasa hivi, hata kwa fimbo ya ufagio. Simama kama unayetaka kupiga, ncha iguse sakafu. Tazama ukutani. Tazama dari. Geuza uso kulia na kushoto. Ncha bado iko sakafuni, kwa sababu shingo ina mwendo wake na mabega hayalazimiki kuifuata. Sasa rudisha macho chini, usikisogeze kichwa hata kidogo, ukunje viwiko kidogo tu. Fimbo imepaa, na umekwisha kuupiga mpira utosini huku ukiutazama.

Halafu kuna suala la muda. Kutoka juu ya bega hadi kwenye mpira, fimbo hutumia kama robo sekunde. Jicho likiona kitu, mwili unahitaji karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kuitika. Chochote utakachokiona fimbo ikiwa imekaribia mpira, huna tena nafasi ya kukitumia. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na baada ya hapo unaweza kutazama bendera, ndege wa angani au mke wako. Mpira umekwisha kuondoka. Anayekung'ang'aniza uendelee kutazama pale mpira ulipokuwa anakupa kazi isiyo na faida.

Ushahidi wa uwanjani nao haufichiki. Annika Sörenstam wa Sweden alikuwa akigeuza uso kuelekea bendera kabla fimbo haijaugusa mpira. Alitwaa mataji 72 ya LPGA, mashindano ya wanawake wa kulipwa, na mwaka 2001 akawa mwanamke wa kwanza katika mashindano hayo kumaliza raundi kwa mikwaju 59. David Duval wa Marekani alikuwa na mtindo huohuo. Naye alipiga 59, mwaka 1999, kisha akashinda The Open mwaka 2001. Wako pia wachezaji wasioona kabisa, wenye chama chao cha kimataifa na mashindano yao. Wao hupangiwa fimbo na mwelekezi, kisha hupiga mpira wasiouona.

Imani hii inaendelea kuishi kwa sababu ina dalili za ukweli. Pigo likiharibika, mpigaji hunyanyua uso haraka kutafuta mpira ulikokwenda, na mtazamaji hubaki na picha hiyo ya mwisho. Kinachoonekana mwisho kinapewa lawama ya kilichotokea mwanzo. Mara nyingi mwili mzima ndio ulionyanyuka, kuanzia magoti na kiuno, na kichwa kimebebwa tu. Tena mtu akiambiwa ainamishe kichwa, pigo linalofuata hulipiga taratibu kwa hofu, na pigo la taratibu hutoka vizuri zaidi. Sifa inakwenda kwa kichwa, wakati ilistahili kwenda kwa utulivu. Isitoshe, ushauri huu hauhitaji ujuzi wowote. Kila mtu anaweza kuutoa, kwa hiyo kila mtu anautoa.

Kosa la kweli nimelieleza mara nyingi na nitalieleza tena. Fimbo huchora duara, na duara hilo lina sehemu yake ya chini kabisa. Mchezaji mzuri, akitumia fimbo za chuma, sehemu hiyo huangukia vidole vichache mbele ya mpira, upande wa bendera. Mchezaji wa ridhaa huiacha nyuma ya mpira. Fimbo ama huchimba udongo kwanza, ama inaupita udongo na kukutana na mpira ikiwa tayari inapanda. Kuchimba na kupiga utosini ni ugonjwa mmoja, ingawa watu wanautafutia dawa mbili.

Duara hubaki nyuma kwa sababu uzito umebaki mguu wa nyuma. Nao umebaki huko kwa sababu mchezaji anataka kuuinua mpira kwa nguvu zake mwenyewe, kana kwamba fimbo haina kazi. Fimbo namba 7 uso wake umelala takriban digrii 30 na kitu, na umelazwa hivyo kusudi. Ukiupiga mpira kwa kushuka, wenyewe utapaa. Ukijaribu kuuchota, hautapaa.

Sisi tuliokulia Kasongo na Kabambare tulishika fyekeo kabla ya kushika kalamu. Kijana anayefyeka nyasi za kando ya barabara anajua kwa mwili wake kwamba akiegemea nyuma, bapa litapita juu ya majani au litazama udongoni, na akihamia mguu wa mbele litakata usawa anaoutaka. Hakuna mzee aliyewahi kumwambia ashushe kichwa. Anatazama mbele, anazungumza na mwenzake, na nyasi zinakatika. Sishangai kwamba wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza kama makedi, na si katika vitabu vya mafunzo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba dawa hii inauongeza ugonjwa. Ukikaza shingo na kulazimisha kidevu kibaki chini, kifua kinashindwa kugeukia bendera. Kifua kikikwama, nyonga zinakwama, uzito unabaki nyuma, na mikono inajikunja kutafuta pa kupita. Hapo fimbo inapanda zile sentimita mbili. Mtu amepiga utosini kwa sababu ya kushusha kichwa, kisha anaambiwa akishushe zaidi! Wengine huongezea maumivu ya mgongo na shingo juu yake.

Msichanganye jambo hili na kutulia kwa kichwa wakati fimbo inarudi nyuma. Hilo lina maana. Bingwa Jack Nicklaus alipokuwa kijana, mwalimu wake Jack Grout alikuwa na msaidizi wa kumshika nywele ili kichwa kisiyumbe huku akipiga. Kutokuyumba ni jambo moja, kuganda kidevu chini baada ya mpira kuondoka ni jambo jingine kabisa. Mwenye mashaka aende Muthaiga au Karen wakati wa Kenya Open asimame pembeni ya feawei. Atazame kipande cha nyasi kinapong'oka. Kinang'oka mbele ya mahali mpira ulipokuwa, kila mara, kwa warefu na wafupi, wenye mtindo mzuri na wenye mtindo wa ajabu. Asiangalie vichwa, maana atakuta kila mmoja na chake.

Mnaotaka cha kufanya, chukueni haya. Chora mstari chini, piga bila mpira, na kovu la nyasi lianzie kwenye mstari au mbele yake. Rudia mpaka mwili wako ujue wenyewe. Malizia kila pigo ukiwa umesimama juu ya mguu wa mbele, kisigino cha nyuma kimenyanyuka, kifua kinatazama bendera, na uweze kuhesabu hadi tatu bila kuyumba. Gawa muda wa mazoezi kwa akili: Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti ya mikwaju kati ya wachezaji wazuri na dhaifu hutokana na mapigo ya kutoka zaidi ya yadi 100, kwa hiyo usishinde siku nzima ukitumbukiza mipira ya hatua mbili. Chukua fimbo moja ndefu kuliko unayoitamani, maana wengi huchagua kwa kukumbuka pigo lao bora la mwaka. Ukitoka Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukashuka kucheza Nyali, Mombasa, ongeza nyingine, hewa ya pwani ni nzito. Mpira ukiingia mitini, utoe kwa njia fupi, ulipe mkwaju mmoja uendelee. Kwenye grini jizoeze umbali wa mita kumi na zaidi, huko ndiko mikwaju mitatu inakozaliwa. Andikisha kadi zote, hata za aibu. Tangu 2020 mfumo wa kimataifa wa handikapu unachukua wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, siku moja mbaya haikuharibii kitu. Na ukienda kwa mwalimu, mwombe akurekodi kwa simu akiwa amesimama mbele ya kifua chako, ili uone uzito uko mguu gani fimbo inapofika kwenye mpira.