Mke Si Dawa

Juzi nimeulizwa tena. Kijana wa miaka thelathini hivi, kitambulisho cha kazi bado shingoni, alipanda ngazi hadi ofisini kwangu hapa Kilimani saa ya chakula cha mchana ili wenzake wasijue alikokwenda. (Sura yake nimeichanganya na za wengine, asitambulike.) Tulizungumza kwanza habari za kazi, usingizi, msongamano wa magari Ngong Road. Kisha akatoboa: anatazama picha za ngono kila usiku, anajaribu kuacha tangu akiwa chuoni, na mwaka huu mara mbili amelipia mwanamke katika vile vyumba vya kukodi kwa siku vilivyojaa mtaani humu. Ndipo likaja swali: "Lakini daktari, Desemba naoa. Si itaisha?"

Mimi si daktari, ni mshauri nasaha. Na haitaisha.

Wanaoniuliza hivyo ni watu wa kanisa, waimbaji wa kwaya na viongozi wa vijana. Wanawake pia wamo, ingawa wao huchelewa zaidi kuja. Karibu wote wameambiwa hivyo na mtu wanayemheshimu. "Oa, kijana, utatulia." Ni ushauri wa mlangoni baada ya ibada, unaotolewa kwa kupigwapigwa begani. Mtoa ushauri huenda zake kula chakula cha Jumapili, na gharama inamsubiri msichana ambaye hakuulizwa.

Andiko lao ni 1 Wakorintho 7:9, pale Paulo anapowaruhusu wasioweza kujizuia waoe. Basi tusome sura nzima. Paulo anajibu barua. Huko Korintho walikuwapo waumini walioona kwamba kutomgusa mwanamke kabisa ndio utakatifu, naye anawaambia wasiooa na wajane kuwa ndoa si dhambi. Anazungumzia hamu ya kawaida ya mtu mzima kwa mtu mzima. Hakuwa akimwandikia mtu aliyejifungia bafuni saa nane usiku na simu, amechoka, hamu yenyewe hana, anajichukia, na bado kidole kinaendelea kusogeza picha.

Watu hudhani uraibu huu ni hamu iliyozidi, kama tangi linalofurika, kwamba ukilitafutia bomba maji yatashuka. Mimi huuliza swali moja: nusu saa kabla, ulikuwa unahisi nini? Ni nadra nijibiwe kwamba ni ashiki. Bosi alinifokea. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Baba alipiga simu akitaka pesa nami sina. Ngono imegeuka dawa ya kutuliza maumivu. Sasa mtu huyo umwongezee kodi ya nyumba kubwa zaidi, wakwe, mtoto anayelia usiku na ugomvi wa Jumapili jioni. Miezi michache ya kwanza hutulia kweli, na shuhuda nyingi za kanisani hutolewa kipindi hicho hicho. Halafu simu hurudi bafuni.

Biblia yenyewe haiungi mkono tiba hii. Siku Daudi alipomwona Bathsheba kutoka darini, tayari alikuwa na wake kadhaa na masuria juu yao. Na 2 Samweli 11 inaanza kwa kutueleza kwamba ulikuwa msimu wa wafalme kwenda vitani, naye akabaki Yerusalemu. Mtu wa kazi yangu huurudia mstari huo. Sulemani alikuwa na wake 700 na masuria 300. Kama mke angekuwa dawa, kipimo hicho kingetosha.

Kinachoniudhi zaidi huja baadaye. Mke akishagundua, huitwa na kuulizwa kama huwa anamnyima mumewe. Aya ya 5 ya ile 1 Wakorintho 7 husomwa kama barua ya madai. Nimeketi na wanawake walioacha kula ili wapungue, wakabadili nywele, wakanunua nguo za ndani za bei ghali, wakishindana na skrini. Tatizo walilikuta. Mzee wa kanisa anayemtwika mke mzigo huo ana kosa, na angefaa amwombe radhi.

Lakini si kila anayejiita mraibu ni mraibu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022 inautambua ugonjwa wa tabia za ngono zisizozuilika. Imeuweka katika kundi la kushindwa kuzuia misukumo, si la uraibu, na wataalamu bado wanabishana. Mimi nalitumia neno wanaloingia nalo wateja wangu. Kigezo ni kushindwa kujizuia kwa muda mrefu, miezi 6 au zaidi, huku kazi, afya na watu wako vikiharibika au wewe mwenyewe ukiteseka sana. Majuto yanayotokana na dhamiri pekee hayatoshi. Aliyeanguka mara tatu mwaka huu na analia ana jambo la kuungama; ugonjwa hana.

Kwa wenye tatizo lenyewe, haya. Simu isilale chumbani. Nunua saa ya kengele. Tafuta mtu mmoja wa jinsia yako anayeambiwa ukweli wote. Yakobo 5:16 inahusu kuungamiana, na kumwambia Mungu peke yake gizani umeshajaribu. Ingia kikundi: Celebrate Recovery, iliyoanzia kanisa la Saddleback huko California mwaka 1991, au vikundi vya waraibu vinavyofuata hatua kumi na mbili. Mshauri muulize amesomea wapi na amesajiliwa wapi. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Kama una huzuni isiyoisha au unawaza kujiua, nenda kwa daktari wa akili leo. Kama tabia ilianza ghafla baada ya dawa mpya, hasa za ugonjwa wa Parkinson, rudi kwa aliyekuandikia. Kama umelala na mtu, pima Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa kabla ya kumgusa mkeo. Kufunga na kuomba endelea navyo, pamoja na haya yote.

Ukianguka siku ya arobaini, zile thelathini na tisa ulizishinda kweli, hakuna wa kuzifuta. Piga simu kabla ya kulala. Petro alimkana Yesu mara tatu usiku mmoja, na katika Yohana 21 alikabidhiwa kondoo kabla hajapata muda wa kuonyesha rekodi safi.

Nawe uliyeweka tarehe ya Desemba, mwambie mchumba wako kabla kamati ya harusi haijalipia tenti. Mwambie mbele ya mshauri ukiogopa. Ana haki ya kujua, na ana haki ya kukataa.