Umbali wa Gari la Umeme na Adha ya Mahali pa Kuchajia

Umbali ambao gari la umeme huenda kwa chaji moja huandikwa kwenye karatasi za mauzo kama namba moja, lakini namba hiyo hutegemea nchi iliyolipima. Nissan Leaf yenye betri ya yuniti 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, ilipewa kilomita 400 kwa kipimo cha Kijapani cha wakati huo. Marekani gari lile lile lilipewa kilomita 243. Kila nchi ilikuwa na utaratibu wake: wa Japani ulifuata mwendo wa polepole wenye kusimama mara kwa mara, wa Marekani ulichanganya mjini na barabara kuu, kisha ukapunguza matokeo ili yakaribie matumizi ya kawaida. Leaf nyingi zilizoko Nairobi ziliingia kutoka Japani zikiwa zimetumika, na mnunuzi anayesomewa namba ya Japani huanza safari yake na matarajio yasiyoweza kutimia.

Yuniti inayotajwa hapa ni ile ile ya tokeni ya umeme nyumbani, yaani kilowati-saa moja. Leaf ya aina hiyo hula takriban yuniti 15 kwa kilomita 100 katika matumizi mchanganyiko. Kinyume na gari la petroli, foleni hailiumizi sana, kwa kuwa mota ikisimama haili kitu, na kiyoyozi hutumia yuniti moja hivi kwa saa. Kinacholiumiza ni mwendo kasi. Nguvu ya upepo unaolikinza gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: anayetoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 hukutana na ukinzani unaokaribia mara mbili. Ndiyo maana dereva anayejisifia kilomita 230 mjini huona chaji ikiyeyuka akishika barabara kuu.

Milima hutisha kuliko inavyostahili. Gari lenye abiria na mizigo, uzito wa tani 1.9, likipanda kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, takriban mita 1,700, hulipa yuniti 9 hivi kwa ajili ya kupanda peke yake. Ni nyingi, ila si za kutia kiwewe katika safari ya kilomita 480 ambayo kwa vyovyote itakula zaidi ya yuniti 75. Likiteremka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya deni hilo. Hapo ndipo makadirio ya umbali kwenye dashibodi hupotosha: kompyuta hukadiria kwa kuangalia kilomita zilizotangulia, hivyo aliyetoka kuteremka huonyeshwa umbali mkubwa asioweza kuufikia barabara ikiwa tambarare. Asilimia ya chaji ni ya kuaminika zaidi kuliko kilomita zinazoonyeshwa kando yake.

Umri wa betri ndilo jambo zito zaidi kwa soko la magari yaliyotumika. Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na miaka 8 ni umri mkubwa kwa betri, hasa ya Leaf za umri huo, ambayo haina mfumo wa kupozwa kwa maji na huachiwa hewa tu. Joto huichakaza. Hali yake huonyeshwa kwa vipau 12 vidogo pembeni mwa kipimo cha chaji. Kwenye Leaf za kizazi cha kwanza, kipau cha kwanza hupotea uwezo ukishapungua kwa asilimia 15 hivi, na kila kinachofuata huchukua asilimia 6 hivi, kwa hiyo gari lenye vipau 9 limepoteza zaidi ya robo. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuichezea kompyuta vipau vikarudi vyote kwa muda, huku betri ikiwa ni ile ile. Mnunuzi makini huchomeka kifaa kidogo cha uchunguzi kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akasoma kwa programu ya simu asilimia halisi ya uwezo uliobaki na volti za kila seli. Ukaguzi huo wa dakika chache una thamani kuliko rangi ya gari, kilomita zake na maneno yote ya dalali.

Betri ya yuniti 40 iliyobaki na asilimia 85 ya uwezo, ukitoa akiba ambayo gari halimruhusu dereva kuigusa na nyingine ambayo dereva mwenyewe angetaka ibaki, huacha yuniti 26 hivi za kutumia. Hizo ni takriban kilomita 170 za mwendo wa kawaida. Mtu anayeishi Thika na kufanya kazi katikati ya Nairobi huenda na kurudi kilomita 90 hivi, akatumia yuniti 14. Soketi ya kawaida ya ukutani, ikitoa ampea 10 kwa volti 240, huzirudisha kwa saa 6 hadi 7. Akichomeka saa nne usiku, alfajiri gari li tayari. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati Kenya, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Kwa mwenye ua na soketi yake, umbali wa kila siku hauna tatizo kabisa.

Tatizo ni la mpangaji wa ghorofa. Gari lake hulala kwenye maegesho ya pamoja, mita ya umeme iko orofa ya nne, na mwenye nyumba haoni sababu ya kuvuta waya. Mtu huyo hutegemea chaja za umma kwa kila kilomita.

Kituo cha umma kina vikwazo vyake, na cha kwanza ni plagi. Leaf ya Japani ina matundu mawili: moja la mkondo geu la mtindo wa Japani na Marekani, na lingine la mkondo mnyoofu la CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari ya Ulaya hutumia Type 2 na CCS2. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China yana GB/T. Adapta ya mkondo geu ni kifaa rahisi. Ya mkondo mnyoofu lazima itafsiri mawasiliano kati ya chaja na betri, hivyo ni ghali, na ya kubahatisha ni ya hatari. CHAdeMO yenyewe inaachwa nje ya Japani: Nissan ilipoleta gari lake la umeme la Ariya Ulaya na Marekani ililifungia CCS.

Cha pili ni muda. Chaja ya kilowati 50 huijaza Leaf hiyo hadi asilimia 80 kwa dakika 40 hivi, kisha kasi hushuka sana. Ioni za lithiamu zikisukumwa haraka kuliko grafiti inavyoweza kuzipokea, hujikusanya juu yake kama metali na kuiharibu seli. Kompyuta huzuia hilo kwa kupunguza mkondo. Betri ikiwa ya moto, kama inavyokuwa baada ya kuchaji mara ya pili au ya tatu safarini, Leaf hupunguza mkondo mapema zaidi. Kwa safari ya Nairobi hadi Mombasa yenye vituo vitatu au zaidi vya kuchaji, muda uliopangwa kwa kila kituo hauwezi kuwa sawa. Anayeng'ang'ania kujaza hadi 100 hujichelewesha mwenyewe na aliye nyuma yake kwenye foleni.

Cha tatu, na kibaya kuliko vyote, ni chaja isiyofanya kazi. Kituo cha petroli kikikauka, kingine huwa karibu; chaja pekee ya mji ikiharibika, au umeme ukikatika, safari imekwama. Umoja wa Ulaya umeagiza vituo vya chaji ya haraka visipishane zaidi ya kilomita 60 katika barabara zake kuu. Uingereza, kwa kanuni za 2023, inataka mitandao ya chaja za haraka iwe inafanya kazi asilimia 99 ya muda, na malipo yapokelewe kwa kadi bila kumlazimisha dereva kupakua programu. Sharti hilo la malipo linafaa kuigwa kwanza Afrika Mashariki, kwa njia ya malipo ya simu. Chaja mbili mahali pamoja, zenye plagi tofauti, namba ya malipo inayofahamika na fundi wa karibu, humfaa msafiri kuliko chaja nne zilizotawanywa moja moja, kwa sababu moja ikifa nyingine hubaki. Mtito Andei, iliyo karibu katikati ya njia ya Mombasa, na Voi, kilomita 150 hivi kutoka pwani, ndiko jozi kama hizo zingekuwa na manufaa makubwa kwa gari lenye kilomita 170, mradi kuwe na nyingine kati ya Mtito Andei na Nairobi.