Fahamu: Kwa nini kibarua wa jijini na wa kijijini hawalipwi sawa

Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi au Mombasa kiliwekwa kuwa takriban Sh16,113 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Katika vituo vidogo vya mashambani, kwa kazi ile ile, kilishuka hadi Sh8,596 hivi. Sheria hudhani maisha huko ni nafuu.

Kaptembwo, mtaa wa wapangaji magharibi mwa Nakuru, unaitia dhana hiyo doa. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, ila mashamba yako jirani. Viazi na kabeji havitoki mbali, Molo na Njoro ziko karibu, basi sufuria ina nafuu kidogo. Ila kodi ya chumba, maji ya mtungi na nauli ya matatu havijui shamba. Mafuta je? EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kila tarehe 14, na hata Mombasa yanakoshushwa, nafuu ni ya shilingi chache tu.

Tena, viwango hivyo vya mshahara humlinda aliyeajiriwa. Mwenye bodaboda au muuza mitumba hana mwajiri wa kumdai. Siku mbaya, hununua nusu gorogoro ya mahindi.