Mtoto Mnene Hatibiwi Peke Yake

Kwa muda mrefu, ulimwengu ulipozungumza juu ya lishe ya watoto ulikuwa unazungumza juu ya njaa. Mwezi wa Septemba 2025 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa taarifa iliyogeuza mazungumzo hayo. Kwa mara ya kwanza tangu hesabu hizo zianze kuwekwa, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopita kiasi walikuwa wengi kuliko wale wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya asilimia 9.2. Wanene hao walikadiriwa kuwa milioni 188. Ni Afrika kusini ya Sahara na Asia ya Kusini tu ambako waliokonda bado wanawazidi walionenepa.

Nchi ambayo jambo hili limekomaa ni Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kila watoto mia moja wa nchi hiyo, watano hivi ndio waliohesabiwa kuwa na unene uliopita kiasi. Kati ya mwaka 2017 na 2020 walikuwa karibu ishirini, yaani watoto milioni 14.7. Wala daktari anaposema unene hasemi habari za umbo zuri au baya. Anasema habari za kisukari cha aina ya pili, ugonjwa uliokuwa ukijulikana kama wa watu wazima, sasa ukionekana kwa wanafunzi wa shule; anasema shinikizo la damu, mafuta yanayojaa katika ini, na usingizi unaokatika kwa kukosa pumzi.

Je, afanyweje mtoto kama huyo? Jibu la haraka, ambalo watu wa kila nchi wanalo, ni kumkaripia. Huambiwa apunguze kula, huwekewa sahani ndogo wakati ndugu zake wanakula kama kawaida, na shuleni hupewa majina. Dawa hiyo imejaribiwa mno na haikuponya mtu. Mtoto wa miaka minane haendi sokoni, hapiki, hanunui soda ya kuweka katika jokofu, wala si yeye aliyeamua kwamba televisheni iwe chumbani. Kumtoza hesabu ya mambo ambayo hana mamlaka nayo ni dhuluma, na ni dhuluma isiyo na faida hata kwa anayeitenda.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Leonard Epstein, alilipima jambo hili kwa namna ambayo mpaka leo haijapingwa kwa urahisi. Watoto wanene wa miaka 6 hadi 12, ambao wazazi wao pia walikuwa wanene, waligawanywa katika mafungu. Fungu moja, mtoto na mzazi wote wawili walifundishwa na kutiwa moyo kubadili mwenendo wao. Fungu la pili, mtoto peke yake ndiye aliyesimamiwa. Fungu la tatu halikupewa mkazo wa aina hiyo. Matokeo ya miaka kumi yalichapishwa mwaka 1990. Wale waliotibiwa pamoja na wazazi, kipimo cha uzito wao uliozidi kilikuwa kimeshuka kwa pointi 7.5. Wale waliosimamiwa peke yao kilikuwa kimepanda kwa 4.5, na wale wa fungu la tatu kilipanda kwa 14.3. Watoto wote walipata wataalamu, tena katika nchi yenye chakula kingi. Tofauti ilikuwa ni nani mwingine katika nyumba aliyekubali kubadilika.

Njia yenyewe haina uchawi. Vyakula hugawanywa kwa rangi za taa za barabarani: kijani ni mboga na matunda, ambavyo mtoto aweza kula bila wasiwasi; manjano ni vyakula vya kila siku vinavyotaka kiasi; nyekundu ni vile vyenye sukari na mafuta mengi, ambavyo havikatazwi kabisa bali huhesabiwa. Mzazi na mtoto kila mmoja ana daftari lake. Sifa hutolewa kwa tendo, si kwa kilo: mtoto husifiwa kwa kutembea kwa miguu hadi shule, hata kama mizani haikusogea. Na mara nyingi mizani haitakiwi kusogea. Mtoto anayekua akibaki na uzito ule ule huku kimo kikiongezeka, amekwisha kupata nafuu.

Mwaka 2023 Epstein na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lililofanywa katika zahanati za kawaida za watoto katika miji ya Buffalo, Rochester, Columbus na St. Louis, likiwa na watoto 452 pamoja na wazazi wao. Baada ya miaka miwili waliofuata mpango huo walikuwa na hali bora kuliko wenzao. La kupendeza zaidi, ndugu wa watoto hao, ambao hawakuandikishwa kwa matibabu yoyote, nao walionyesha nafuu. Sufuria ikibadilika, hubadilika kwa wote wanaokula kutoka humo.

Ugumu uko katika muda. Mwaka huo huo wa 2023, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba msaada wa namna hii, ili uwe na nguvu, wahitaji saa 26 au zaidi za kukutana na familia katika miezi mitatu hadi kumi na miwili. Saa ishirini na sita! Kwa mama anayefanya kazi kwa zamu, asiye na gari, anayekaa mwendo wa saa mbili kutoka hospitali yenye wataalamu, hesabu hiyo ni sawa na kuambiwa asije. Wengi huanza na wengi huacha njiani.

Hapo ndipo ilipoingia simu ya mkononi. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga milango ya zahanati mwaka 2020, wataalamu walilazimika kuonana na familia kwa njia ya mtandao, kwa sauti na kwa picha. Ilikuwa ni lazima pia kwa sababu nyingine. Uchunguzi wa kumbukumbu za vijana na watoto zaidi ya laki nne wa Marekani ulionyesha kwamba katika miezi ya kwanza ya ugonjwa ule, kasi yao ya kuongezeka uzito ilikaribia kuwa maradufu. Shule zilikuwa zimefungwa, viwanja vimefungwa, na chakula kiko karibu.

Katika kikao cha mtandao familia hukaa mezani kwao wenyewe. Mshauri huuliza juma limekwendaje, husoma madaftari, kisha huzungumza na mzazi kando na mtoto kando. Zahanatini mama husimulia jiko lake. Katika simu aweza kulionyesha. Jokofu hufunguliwa, kabati hufunguliwa, na chupa ya maji ya matunda ambayo watu wote nyumbani waliidhania kuwa ya afya husomwa sukari yake mbele ya wote. Bibi anayekaa na watoto mchana, na ambaye asingepanda basi kwenda hospitali kwa ajili ya mazungumzo, hupita nyuma ya kiti na kuingilia kati. Bibi huyo ndiye mwenye biskuti. Bila yeye, nusu ya kazi haijaanza.

Hata hivyo njia hii isisifiwe kupita ushahidi wake. Mwongozo wa 2023 wenyewe uliweka mbele kukutana ana kwa ana, kwa kuwa huko ndiko kulikofanyiwa majaribio mengi. Mizani ya nyumbani hudanganya, na kimo hupimwa ovyo ukutani. Mtaalamu aliye mbali aweza asione dalili za kijana anayejinyima chakula kwa siri, hatari ambayo kila mpango wa uzito wapaswa kuilinda. Na kuna kejeli isiyofichika katika kumwambia mtoto apunguze kukaa mbele ya kioo kwa kumketisha mbele ya kioo.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba simu hurahisisha kumtenga mtoto na nyumba yake, yaani kurudia kosa lile la zamani kwa chombo kipya. Mwezi wa Agosti 2019 kampuni ya WW, iliyojulikana zamani kama Weight Watchers, ilizindua programu ya simu iitwayo Kurbo kwa watoto wa miaka 8 hadi 17. Ilitumia rangi zile zile tatu. Mtoto aliandika alichokula, na waliotaka walilipia mshauri. Wataalamu wa maradhi ya ulaji na wazazi wengi walipinga mara moja, wakiuliza mtoto wa miaka minane aliye peke yake na orodha ya vyakula vyekundu atajifunza nini juu ya mwili wake. Mwezi wa Machi 2022, serikali ya Marekani ilidai kwamba programu hiyo ilikusanya habari za watoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya wazazi wao. Shauri lilimalizwa kwa maafikiano: kampuni ilipe dola milioni 1.5, ifute habari zilizokusanywa kinyume cha sheria, na iharibu mitambo ya hesabu iliyojengwa kutokana nazo. Rangi zilikuwa za Epstein, lakini mzazi, ambaye ndiye dawa, aliweza kurukwa.

Yako pia mambo yasiyofikiwa na kikao chochote. Katika takwimu zile za 2017 hadi 2020, unene uliwakabili asilimia 26.2 ya watoto wenye asili ya Amerika ya Kilatini na asilimia 24.8 ya watoto weusi, lakini asilimia 16.6 ya weupe. Tofauti hiyo haikuletwa na tabia za watoto. Ni vigumu kuacha kufikiri juu ya mitaa yenye maduka ya vyakula vya kukaanga kila kona na isiyo na uwanja salama, na juu ya mabepari wa soda na vyakula vya viwandani ambao matangazo yao humfuata mtoto katika simu ile ile anayotumia kuzungumza na mshauri wake.

Afrika ya Mashariki bado ina mzigo mwingine. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na wenye uzito uliozidi ni asilimia 4. Kenya waliodumaa ni asilimia 18, waliozidi uzito asilimia 3. Kwa hiyo si ajabu kwamba mtoto mnene husifiwa kuwa ana afya, na mama yake hupongezwa njiani. Kliniki za mama na mtoto humpima kila mwezi, na kadi yake huchorwa mstari kwa uangalifu, zaidi kwa hofu ya kukonda. Kadi hiyo huishia anapotimiza miaka mitano. Baada ya hapo huanza shule, hupewa fedha za kununua maandazi na soda mlangoni, na walio wengi hawapandi tena juu ya mizani mpaka siku watakapougua.