Umiliki wa Wateja katika Taasisi za Fedha: Mfano wa Vyama vya Akiba na Mikopo ya Nyumba nchini Uingereza

Taasisi inayomilikiwa na wateja ni ile ambayo mteja, kwa kuweka akiba au kukopa, huwa pia mwanachama na mmiliki. Haina wanahisa wa nje wanaodai gawio. Ziada hubakizwa kuwa akiba ya taasisi au huwarudia wanachama kupitia riba nafuu. Katika mkutano mkuu, mwanachama hupiga kura moja bila kujali ukubwa wa amana yake.

Nchini Uingereza, chama cha kwanza kinachojulikana kilianzishwa Birmingham mwaka 1775. Vyama vya awali vilikuwa vya muda: wanachama walichanga fedha, wakapata nyumba kwa zamu, kisha chama kikavunjwa. Kuanzia miaka ya 1840 vilijitokeza vyama vya kudumu, vilivyopokea pia amana za watu wasiohitaji nyumba. Hivyo, akiba ya pamoja iliendelea kukua kizazi baada ya kizazi.

Akiba hiyo ndiyo nguvu ya chama, na ndiyo pia chanzo cha udhaifu wake. Ililimbikizwa na wanachama waliokwisha kuondoka, ilhali waliopo wanaweza kupiga kura na kuigawana. Sheria ya mwaka 1986 iliruhusu vyama kugeuzwa kuwa kampuni. Abbey National ilifanya hivyo mwaka 1989. Halifax na Northern Rock zilifuata mwaka 1997. Wanachama walipewa hisa, na wapo waliofungua akaunti kwa kutarajia hisa hizo tu. Kwa upande wa Nationwide, hoja ya kuigeuza ilishindwa mwaka 1998 kwa tofauti ndogo ya kura.

Northern Rock ilitegemea mno fedha za masoko. Masoko hayo yalipokwama mwaka 2007, waweka akiba walipanga foleni kutoa fedha zao, na Februari 2008 benki hiyo ilitaifishwa. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa uanachama pekee si kinga: chama cha Dunfermline kilianguka mwaka 2009 kikiwa bado mali ya wanachama wake.

Hivyo basi, kanuni ya kura moja kwa kila mwanachama, ambayo SACCOS za Afrika Mashariki nazo huifuata, haitoshelezi yenyewe. Suala la msingi ni iwapo sheria na katiba ya chama zinailinda akiba isiyogawanywa dhidi ya wanachama wa siku moja.