MITI YA BARABARANI NA KELELE ZA MAGARI: MFANO WA TABORA

Watumishi wa Serikali na wananchi wengi huamini kwamba mti uliopandwa kando ya barabara huzuia kelele za magari. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ina mipaka, na kupanda bila ya kuijua mipaka hiyo ni kupoteza miche, maji na fedha za umma. Mji wa Tabora unafaa kulieleza jambo hili.

Miembe ya Tabora inahusiana na historia ya visiwa hivi. Misafara iliyogharimiwa na wafanyabiashara wa Unguja ilivuka hadi Bagamoyo, ikaenda kwa miguu mpaka Tabora, iliyokuwa ikiitwa Kaze, kisha Ujiji. Burton alipofika Kaze mwezi wa Novemba, 1857, aliwakuta Waarabu wamekwisha kufanya makazi. Miembe iliyostawi kando ya njia hiyo ya pembe na watumwa iliwapa wapagazi kivuli na matunda. Hapakuwa na gari la kuzuiliwa sauti. Hata reli ilifika Tabora mwaka 1912 tu.

Kwa hiyo si haki kuutaka mwembe ufanye kazi ambayo haukupandiwa. Mwembe mkubwa una shina tupu na mwavuli wa majani juu. Sauti ya tairi na injini hutoka karibu na ardhi na kupita chini ya mwavuli huo. Majani hutawanya sauti nyembamba, kama mlio wa breki, lakini mngurumo wa lori hupenya. Mstari mmoja wa miti, hata uwe wa kupendeza namna gani, haupunguzi kelele kiasi cha sikio kutambua. Ndivyo ilivyo pia kwa miembe ya Bi Khole kule Bungi.

Kinachopunguza kelele ni ukanda mnene. Ukanda wa upana wa mita 30 hivi, wenye majani kuanzia ardhini hadi juu, huweza kupunguza desibeli 5 takriban. Ikumbukwe kuwa sikio huhisi kelele imepungua nusu pale zinapopungua desibeli 10. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na udongo wenyewe: ukiwa laini na umefunikwa na majani makavu hunyonya sauti, ilhali lami na ardhi iliyokanyagwa huirudisha.

Nafasi ya mita 30 haipatikani katikati ya mji, si Tabora wala Unguja. Hupatikana katika viwanja vya skuli na hospitali vinavyopakana na barabara kuu, na huko ndiko kunakostahili miche kwanza. Pasipo na nafasi, ukuta usio na matundu, wenye urefu wa kuyaficha magari yasionekane, hufaa zaidi kuliko miti, na kupunguza mwendo wa magari husaidia pia.

Maelezo haya yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kukata miti mikongwe barabara zinapopanuliwa. Kivuli chake hakina badala yake kwa muda wa miaka mingi, na mkazi asiyeiona barabara kwa kuzibwa na majani huudhika kidogo zaidi na sauti yake, ingawa kipimo hakikubadilika. Lililo bora ni kuibakisha miembe na kujaza chini yake vichaka katika safu zinazopishana.

Katika kuchagua, mti usiopukutisha majani ndio unaofaa. Mkrismasi hupendeza kwa maua, lakini hupukutika wakati wa kiangazi, na kiangazi cha Tabora huanza Mei hadi Oktoba. Mwembe na mjohoro hubaki na majani. Kwa safu ya chini, mchongoma hustahimili ukame na kukatwa mara kwa mara. Mnyaa huota kwa urahisi zaidi, lakini utomvu wake hudhuru macho, hivyo usipandwe karibu na skuli. Kwenye njia panda vichaka vikatwe viwe vifupi, ili madereva wawaone wanaovuka.